Dosie ya Député Mathe

Mjinga wa siku ile alikuwa Nassoro, na hata leo hakatai.

Beni, 1965. Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la chumvi. Wanaume watatu. Esdras ndiye aliyeongoza. Mwaka uliopita kaka yake, député Mathe, mbunge wao, alipigwa risasi njiani Mavivi, ndani ya kamio, lori la Nassoro. Nani alituma wauaji? Butembo walisema waziri. Beni walisema wazungu wa kahawa. Soko la Musienene, kila fungu la maharagwe lilikuwa na muuaji wake.

"Jibu liko mu dosie ya kifo chake, mu kabati ya serikali," Esdras alisema. "Malachie?"

Malachie, tarishi wa bureau ya serikali, alicheka. "Saa sita mukubwa anaenda kula. Akiona fufu, hata jina ya bibi yake anasahau. Ufunguo niko nayo."

"Mimi nabangojea inje mu kamio, moteur inawaka," Nassoro alisema. "Mathe alikuwa kama ndugu yangu."

Saa sita na dakika kumi. Kabati wazi.

Saa sita na robo. Askari wa zamu alirudi kuchukua kofia yake, akawakuta. Risasi mbili. Esdras aliruka ndani ya kamio na dosie kifuani. Malachie alibaki chini, mlangoni.

"Tumungojee!" Nassoro alisema.

"Amekufa. Endesha!"

Saa tisa. Butembo, kwa Kanyere, mjane wa Mathe.

Jalada nene, mihuri kibao. Ndani, karatasi moja. Nyingine mtu alishazing'oa.

Ilikuwa karatasi ya safari ya Nassoro, ya siku ya kifo cha Mathe. Kwenye kizuizi cha Beni kila dereva huandika majina ya abiria wake. Mathe alimwomba aandike "muuza chumvi", asijulikane. Nassoro, kwa herufi kubwa za kupendeza, aliandika: MBELE, DÉPUTÉ MATHE.

Esdras alitoa bastola. "Juu ya nini uliandika jina yake?"

"Sifa tu, kaka. Député mu kamio yangu! Nilitaka ba chauffeur benzangu baone."

"Na nani mwingine aliona?"

"Sijui."

"Malachie amekufa juu ya 'sijui'? Nani alikulipa?"

Nassoro alipiga magoti mbele ya Kanyere, machozi mpaka kidevuni. "Mama, naapa kwa Mungu, hapana mutu alinituma!"

Kanyere aliikunja karatasi polepole.

"Afazali angekutuma mutu, Nassoro. Ningekuwa na wa kuchukia."