Jina Kwenye Jalada

Siku hiyo ya soko Mwingi, malori ya Garissa yalikuwa yamepanga mstari hadi kituo cha mafuta, na mbuzi walilia kila upande. Ndani ya duka lake la fotokopi, Kasiva alikuwa akihudumia watu watatu kwa mpigo, kavaa gauni la kitenge la kijani, nywele kazisuka mistari. Mwanamume mrefu mwenye koti la kaki akapenyeza karatasi kati ya mabega ya watu.

"Nitolee kopi mbili, madam. Niko na haraka kidogo."

Kasiva aliisoma kabla ya kuitia kwenye mashine. Ndiyo tabia yake. "Hii unaenda kuambia watu?"

"Kesho, kwa redio. Kuna shida?"

"Umeandika Magellan ndiye wa kwanza kuzunguka dunia. Magellan aliuawa Ufilipino, safari haijaisha. Aliyefikisha meli Uhispania ni Elcano, mwaka wa 1522."

Watu wakacheka. Mwanamume naye akacheka, akavua kofia. "Wewe ni mwalimu?"

"Mwalimu ambaye serikali haijamwona. Mwaka wa sita huu."

"Basi mimi nimekuona. Naitwa Mbuvi."

Sauti ile Kasiva aliijua. Kila Jumamosi, kutoka kituo kimoja cha redio pale Kitui mjini, Mbuvi alijibu maswali ya wasikilizaji kuhusu historia ya dunia. Kasiva alimpa namba yake ya simu kabla hata hajaombwa mara ya pili.

Simu za Mbuvi zikaanza, na wiki chache baadaye alikuwa akimwita mwendwa, yaani mpenzi kwa Kikamba.

"Mwendwa, mtu ameuliza kwa nini Ukuta wa Berlin ulijengwa."

"Watu wa mashariki walikuwa wanatorokea magharibi. Ukuta ulikuwa wa kuwafungia ndani. Umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza. Berlin haiendi mahali."

"Na Vita vya Kwanza vya Dunia? Nikisema ni yule mrithi wa ufalme aliyepigwa risasi Sarajevo, si inatosha?"

"Huyo alikuwa kiberiti tu. Kuni zilikuwa zimepangwa miaka mingi."

Jumapili baada ya kanisa Mbuvi alikuja Mwingi, wakala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwa maharage, kwenye hoteli ya nyuma ya stendi, akamtania kwamba anamjua Napoleoni kuliko anavyomjua mpenzi wake. Kasiva alipenda kutaniwa naye. Akamwandikia madaftari mawili, maswali mia moja na majibu yake, kila jibu kwa maneno aliyoyachagua kama mtu anayechambua pojo. "Ya kukusaidia kwa kipindi," alimwambia. Mbuvi akayakumbatia madaftari, kisha akamkumbatia yeye.

Miezi minne baadaye Kasiva alienda mji wa Kwa Vonza kumwona binamu yake. Kwenye meza ya muuza vitabu karibu na chuo, uso wa Mbuvi ulimtazama kutoka kwenye jalada, kavaa suti. *Maswali Mia ya Historia ya Dunia, na Mbuvi Kyule.* Kasiva alifungua. "Kuni zilikuwa zimepangwa miaka mingi." Neno kwa neno. Alitafuta jina lake mbele, akatafuta nyuma. Kulikuwa na shukrani kwa Mungu, kwa wazazi, na kwa Wacuka, "uliyeniamini."

Akapiga simu palepale. Mwanamke akapokea.

"Mbuvi yuko mkutanoni. Mimi ni Wacuka. Nimwambie ni nani?"

"Mwambie ni mteja."

Hakulia. Alinunua nakala moja, akaiweka chini ya mashine ya fotokopi, na kila siku alipoiona moyo wake ulizidi kuwa mgumu.

Mbuvi alipopiga wiki iliyofuata, sauti ilikuwa tamu kama kawaida. "Mpenzi, kuna shindano Kathonzweni, makanisa ya kaunti yetu na ya huko. Mshindi anapewa tangi la maji la lita elfu kumi. Mimi ndiye nitauliza maswali. Niandikie thelathini, tafadhali."

"Hakuna kitu ungetaka kuniambia, Mbuvi?"

"Tutaongea tukionana."

"Sawa, mpenzi. Nitaandika."

Akaandika thelathini. Majibu ya matano aliyapotosha. La mwisho aliliwekea sumu kuliko yote.

Siku ya shindano alifika Kathonzweni na gauni jekundu, akaketi nyuma ya hema. Alikuja kumwona akianguka na hakutaka kukosa hata kidogo. Timu mbili zilifika mwisho zikiwa sawa: ya Mwingi, na ya kanisa dogo la hapo karibu, ikiongozwa na msichana aitwaye Kanini.

"Swali la mwisho," Mbuvi alisema. "Haiti ilijipatia uhuru mwaka wa 1804. Kutoka kwa nchi gani?"

"Ufaransa," Kanini akajibu.

Mbuvi akatazama karatasi. "Pole. Ni Uhispania."

Ushindi ukawa wa timu ya Mwingi, ikashangilia. Mzee mmoja akasimama polepole, ameshika mkongojo: Mwalimu Kivuva, aliyefundisha historia huko miaka thelathini kabla ya kustaafu. "Kijana, Haiti ilikuwa ya Mfaransa. Na mbele hapo umesema Konstantinopoli ilianguka 1543. Ni 1453. Hicho kitabu unauza, uliandika wewe kweli?"

Watu wakatoa simu, wakatafuta. Kelele zikapanda. "Mwizi wa tangi," mtu akasema. Jasho lilimtoka Mbuvi hadi kwenye kola, na Kasiva akaonja utamu aliokuwa ameungoja. Ulikuwa mtamu kweli.

Kisha akamsikia Kanini, mbele kidogo, akimwuliza mama yake kwa sauti ndogo, "Nilikosea wapi? Si nilisoma?" Mama alikuwa amekalia mtungi mtupu wa plastiki.

Mbuvi aliinua macho, akaliona lile gauni jekundu kule nyuma. Akaelewa. Akashika maikrofoni. "Makosa ni yangu. Karatasi niliandika mimi."

Hapo ndipo Kasiva aliposhindwa kuvumilia. Hata kosa la Kasiva, Mbuvi alikuwa amelichukua likawa lake, kama kile kitabu. Alipita katikati ya viti, akampokonya maikrofoni.

"Karatasi niliandika mimi, Kasiva wa fotokopi ya Mwingi. Majibu matano nilipotosha makusudi, kumwaibisha huyu. Kitabu pia ni changu, alichukua. Lakini mtoto huyu hajanikosea. Mwalimu Kivuva, njoo tusahihishe."

Walisahihisha mbele ya watu, jibu kwa jibu. Tangi likaenda kwa kina Kanini. Wa Mwingi walinuna, na mama mmoja wa huko akamwambia Kasiva maneno ambayo hayakustahili kanisa. Aliyapokea.

Nyuma ya hema Mbuvi alisema, "Wacuka ni bosi wangu pale redioni. Ana mume na wajukuu. Alisema jina la mtu wa fotokopi haliwezi kuuza kitabu."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilinyamaza."

"Hilo ndilo lililoniuma. Wacuka nilimwonea wivu bure, nakubali. Lakini ulinyamaza muda wote huo ukiniita mpenzi."

"Nataka kukuoa, Kasiva."

"Rudisha jina langu kwanza."

Ilimchukua Mbuvi wiki tatu kukusanya nakala ambazo hazijauzwa, kutoka Kwa Vonza hadi mji wa Wote. Siku ya soko alizileta Mwingi. Kasiva alimwekea kigoda nje ya duka, kwenye jua, mahali ambapo kila mtu angemwona. Mbuvi akakata jina lake kwa kalamu na kuandika la Kasiva, jalada baada ya jalada. Waliouliza aliwajibu, "Ni cha huyu dada. Nilikuwa nimemwibia." Ndani, Kasiva alisikia kila jibu, na hakuna hata moja lililomchosha.

Saa kumi alimletea chai. Vidole vya Mbuvi vilikuwa vya buluu.

"Jumamosi baba yangu yuko nyumbani," Kasiva alisema. "Leta mbuzi za ntheo, za kuniposea, uje na wazee wako."

Mbuvi aliweka kalamu chini, akamtazama kama mtu asiyeamini. "Jumamosi niko na kipindi, mwendwa. Tusogeze iwe Jumapili?"

"Huna kipindi. Wacuka alisikia ya Kathonzweni, akanipigia jana, amenipa mimi." Akamsogezea kikombe. "Wewe utakaa na wazee, mnisikilize redioni."