Uzi Mlangoni pa Chumba cha Upasuaji

Komeo, mpelelezi wa siri, hakuwa na bastola. Risasi moja karibu na mabomba ya oksijeni ingetosha kulipua jengo. Hakuwa na msaidizi wala kitambulisho, na hakuwa na mke wa kumpigia simu kwamba atachelewa. Mama alikuwa naye, ila Komeo alikuwa amemdanganya kwamba anauza majokofu.

Alikuwa na redio ya mawasiliano ya Motorola, pingu na uzi wa kushonea.

Aliuning'iniza uzi kwenye upenyo wa mlango wa chumba cha upasuaji. Hewa iliyochujwa ilipaswa kutoka ndani na kuusukuma nje, ili vijidudu vya ukumbini visipate njia.

Uzi uliinama ndani.

Akabonyeza redio. "Mkuu, vichujio bandia vya hewa vimeshafungwa. Vimeziba. Chumba kinavuta uchafu."

"Na aliyevifunga?"

"Namsikia juu ya dari."

"Mkamate akiwa hai. Ni yeye tu anayejua vichujio vingine vimepelekwa wapi, na wagonjwa wanaoza vidonda."

Kitanda cha magurudumu kilitokea. Komeo akakizuia.

"Daktari, humu msiingie. Hewa ni chafu."

Mgonjwa akainua kichwa.

"Mwanangu? Jokofu umeniletea mpaka huku?"

Mama. Nyonga yake iliyovunjika ilikuwa ipasuliwe kesho.

"Wameniwahisha," alisema. "Na mdogo wako hapokei simu."

"Nitamtafuta, mama."

Akapanda ngazi mbili mbili.

Chumba cha mitambo kilinguruma. Mtu mwenye ovaroli aliruka bomba na kukimbilia mlango wa nyuma. Komeo akamdaka mguu. Wakaanguka juu ya maboksi, barakoa ikamtoka yule mtu usoni.

Alikuwa mdogo wake.

"Kaka," alisema akihema. "Kuna friji imeharibika huku?"

"Vingine umevipeleka wapi?"

"Mimi nafunga tu. Ni karatasi ndani ya fremu, kaka. Nani amewahi kufa kwa karatasi?"

"Mama yuko chini ya miguu yako. Walikuwa wanamwingiza sasa hivi."

Mdogo wake akacheka kidogo, akisubiri aambiwe ni utani. Hakuambiwa. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Akavua ufunguo shingoni.

"Ghala la nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kila boksi lina jina la hospitali."

Kisha akanyoosha mikono yote miwili, vilevile alivyokuwa akimnyooshea zamani amfunge vifungo vya shati la shule.

Komeo akamfunga pingu.

"Mwambie mama nimesafiri."

"Nimemdanganya vya kutosha."

Kufikia alasiri, genge zima lilikuwa chini ya ulinzi na vichujio bandia vinang'olewa kila mahali vilikofungwa. Mama alipasuliwa katika chumba kingine, ambako Komeo aliuning'iniza uzi kwanza, ukainama nje. Mama alipotolewa alikuwa bado amelala kwa dawa. Komeo alisimama kando ya kitanda, akamfunika miguu. Mama akageuza kichwa usingizini, akamwita mwanawe mdogo kwa jina la utotoni.

Mtu aliyewahi kutazamana na mitutu ya bunduki alishindwa kusubiri macho hayo yafumbuke.

Posta ilikuwa inakaribia kufungwa. Aliandika amesimama.

"Mama, mimi siuzi majokofu."

Yaliyofuata yalijaza kurasa mbili. Alilamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika, akaitumbukiza sandukuni. Akapandisha kola ya koti na kuondoka taratibu, mikono mfukoni, uzi ukiwa umemzunguka kidoleni.