Vipimo vya Saa Kumi

Kila siku saa kumi alasiri, kabla hata ya kuvua sare ya shule, Binti Waya alipima kasi ya intaneti dukani kwa shangazi yake na kuiandika daftarini. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wenzake, kwa kuwa shangazi yake ndiye aliyesambaza intaneti mtaani. Aliinunua kwa jumla kutoka kampuni kubwa yenye mkongo, ule waya mkuu wa intaneti. Kampuni hiyohiyo nayo iliwauzia majirani moja kwa moja.

Mwezi huo, karibu kila alasiri, intaneti ya Shangazi ilijikokota. Ile ya kampuni, iliyopita kwenye mkongo uleule, ilikimbia.

"Dada, mimi nahama," alisema fundi cherehani. "Nikingoja picha moja ya gauni ifunguke, harusi imeshapita!"

"Wewe ni wa tisa," Shangazi alijibu kwa uchungu. "Wanatubana koo makusudi, kisha wanawaambia watu eti hatujui kazi!"

Alikwisha kulalamika kwa mamlaka ya mawasiliano, na kesho yake mkaguzi angefika. Shangazi asiposikilizwa, angefunga duka.

Binti Waya alichemka kwa hasira. Siku nne alizougua mwezi huo hakuwa amepima; sasa akazijaza sifuri.

Shangazi alilipitia daftari, akasita. "Siku hizi ulikuwa kitandani na homa. Nani alipima?"

"Si wanatuonea, Shangazi? Wamejitakia!"

"Wanatuonea, tena mchana kweupe. Lakini ukimshtaki mwizi kwa uongo, umemfungulia mlango wa kutorokea. Kata."

Akazikata, akaandika: sikupima.

Kesho yake mkaguzi alifika na mwakilishi wa kampuni, ambaye alicheka. "Daftari la mtoto! Ndio ushahidi huu?"

Mkaguzi, mama mwenye miwani, hakucheka. Alililinganisha na kumbukumbu za mitambo ya kampuni, siku baada ya siku. Kila saa kumi, kasi ya Shangazi ilikuwa imepunguzwa. Ya kampuni haikuguswa. Katika siku zile nne tu, mtambo wa kupunguza kasi ulipokuwa ukikarabatiwa, Shangazi alipata kasi kamili.

"Mngeziacha hizi sifuri bila kuzikata," alisema, "ningelitupa daftari lote."

Binti Waya aliinamisha kichwa.

Mkaguzi akamgeukia mwakilishi, ambaye kicheko kilikuwa kimemkauka. "Mwenye mkongo hana ruhusa ya kumnyonga anayenunua kwake. Kuanzia leo, kasi mnayojipa ninyi, mpeni na yeye. Amri ya maandishi inafuata."

Walipoondoka, Shangazi alimshika mpwa wake bega. "Kasirika, mwanangu, dhuluma haistahili kuchekewa. Ila anayedai haki asiichafue kwa mkono wake mwenyewe."