Kabichi Haikuwa na Kosa

Asubuhi katika nyumba hii huanza na mlio wa cherehani. Mshonaji huamka kabla ya wote. Hufagia, huteleka chai, kisha huketi dirishani kushona sare za shule. Mumewe huvaa buti zake mlangoni. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima humwita Cheche. Ni kwa sababu ya kazi yake, na pia kwa sababu hasira zake huwaka haraka na kuzimika haraka.

Mama yake Cheche hukaa kwenye kiti cha mbao karibu na redio. Zamani alifanya kazi katika kiwanda cha magunia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Kiwanda kilifungwa, lakini jina limebaki. Anaitwa Bi Kamati.

"Umemeza dawa?" Mshonaji alimuuliza mumewe asubuhi moja.

"Nimemeza."

"Leo ni kliniki. Usije ukapitiliza kazini."

"Wewe ni mke wangu au nyapara wangu?"

"Vyote viwili," Bi Kamati alijibu kwa niaba ya mkwewe.

Cheche alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha. Presha yake ilikuwa juu. Msimamizi wa karakana alikuwa amemwambia wazi: mpaka kliniki iridhike, hapandi juu ya paa jipya la karakana. Akishikwa na kizunguzungu kule juu, ataanguka. Kwa hiyo wenzake walipanda kuunganisha vyuma, na yeye alibaki chini akisugua kutu. Fundi anayetegemewa na wote, anasugua kutu! Ilimkaa rohoni.

Familia haikukaa bure. Nesi wa kliniki aliwaambia wapunguze chumvi na wale mboga kwa wingi. Walitii. Mshonaji alilitoa kopo la chumvi jikoni siku hiyo hiyo. Kila jioni akaanza kukata kabichi mbichi. Ila kabichi ile ilikuwa ngumu na haina ladha, basi akanunua sosi ya chupa. Chupa ilikuwa na picha ya jani kubwa la kijani na mwanamke anayetabasamu. Nani atashuku jani? Waliolichora walijua wanachofanya.

Cheche aliipenda sosi ile. Aliimimina mpaka kabichi ikaelea.

Kliniki, nesi alimfunga mkanda mkononi. Akaujaza upepo. Akatazama kipimo, akatikisa kichwa.

"Haijashuka, ndugu yangu. Imepanda kidogo."

"Imepanda?"

"Dawa unameza?"

"Kila siku."

"Na chumvi?"

"Nyumbani kwetu chumvi ni marufuku! Muulize mke wangu."

Nesi alifikiri. "Basi kuna chumvi inayoingia bila ninyi kuiona. Endelea na dawa, wala usiruke hata siku moja. Na chunguza kila kitu kinachoingia mdomoni. Kila kitu."

Cheche alirudi nyumbani kichwa chini. Jioni Mshonaji alipotenga chakula, aliisukuma sahani yake.

"Natafuna majani kama mbuzi, na bado presha inapanda! Sili tena."

"Mimi niliwaambia," Bi Kamati akasema. "Kabichi ni adui. Miaka yote hii siigusi, na ninyi hamkuuliza kwa nini."

"Mama, naomba usimtie maneno mwanao," Mshonaji alisema. Sauti yake ilikuwa karibu na machozi. Alikuwa amekata kabichi ile kwa matumaini yake yote.

Hapo mlangoni ikasikika sauti nene. "Hodi wenyewe!"

Alikuwa jirani yao, mzee aliyepika melini kwa miaka mingi. Walimwita Kapteni wa Sufuria. Alikuja kuchukua suruali yake. Mshonaji alikuwa ameiongeza kiuno.

"Karibu, Kapteni," Mshonaji alisema, akifuta macho. "Suruali iko tayari. Lakini ukiendelea hivi nitaishiwa kitambaa."

"Shemeji, tumbo hili ni kumbukumbu za safari." Kapteni aliketi, akaiona sahani. "He! Hii kabichi inaogelea au inazama?"

Hakuna aliyecheka. Cheche akamweleza yote: kipimo, paa, kutu. Kapteni alisikiliza. Kisha akachukua kijiko, akamimina ndani yake sosi peke yake.

"Lamba. Bila kabichi."

Cheche akalamba. "Tamu."

"Usimeze haraka. Baada ya utamu, nini?"

Cheche alikunja uso. "Chumvi! Ni chumvi kweli!"

"Sukari imetangulia mlangoni, chumvi ikapita nyuma yake. Ukichanganya na kabichi huisikii."

Mshonaji alishika kichwa. "Kumbe chumvi niliifukuza mlangoni, nikairudisha mwenyewe ndani ya chupa!"

"Si kosa lako, mwanangu," Bi Kamati alisema. Alivaa miwani, akaivuta chupa karibu na taa. Kusoma alijifunzia ukubwani, na hakuna herufi inayomtisha. "Kitu kinachoandikwa mwanzo ndicho kingi. Haya: mafuta, sukari, chumvi. Limau liko mwisho kabisa. Tena kwa herufi kama sisimizi! Jani kubwa, maneno madogo. Watu wa namna hii nawajua. Walituajiri."

Kapteni alisimama. "Kesho hamna kazi. Nitakuja. Nunueni kabichi mpya."

Kesho yake alifika na kisu kilichofungwa kwenye kitambaa, na pakiti ndogo ya ufuta.

"Saladi hii nilifundishwa na wapishi wenzangu wa Asia," alisema. "Tulipika jiko moja. Kwanza, mikono na sabuni. Wewe pia, Cheche. Leo hutazami, unafanya."

Waliondoa majani ya nje. Walikata kabichi vipande vinne, wakaosha kila kipande kwa maji safi na salama. Kitu kisichopikwa, Kapteni alisema, hakina moto wa kukiokoa. Kisha wakaacha maji yachuruzike. "Kabichi yenye maji haishiki sosi."

Mshonaji akaanza kukata. Kapteni akamzuia.

"Shemeji, hivyo vipande vya kulishia ng'ombe! Toa hicho kisiki cha katikati. Halafu kata nyembamba. Wewe unajua uzi. Kata kama uzi."

"Uzi wa kushonea au wa kudarizi?"

"Wa kudarizi!"

Mshonaji alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisu kikaenda upesi. Kabichi ikaanguka laini, kama vitambaa vya hariri. Cheche alikwangua karoti. Wakaongeza majani ya kitunguu na giligilani.

"Sasa sosi," Kapteni alisema. "Malimau mawili, kamua. Tangawizi, kwangua. Kitunguu saumu, ponda. Asali, kijiko kidogo tu. Tunatafuta harufu yake, hatutengenezi peremende. Mafuta, vijiko viwili vikubwa."

Akatoa kichupa cha sosi nyeusi ya soya. Bi Kamati akamdaka.

"Hiyo nayo ina chumvi! Nimeisoma dukani."

"Ina chumvi nyingi, Bi Kamati, umesema kweli. Ndiyo maana naweka kijiko kidogo cha chai, kwa bakuli la familia nzima. Ukitaka, usiweke kabisa. Limau na tangawizi zitafanya kazi."

Sosi ilitiwa kwenye gudulia la kioo lenye mfuniko. Cheche alilitikisa kwa nguvu zote za karakana. Mshonaji alikaanga ufuta kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, mpaka ukaanza kurukaruka na kunukia. Nyumba nzima ikajaa harufu.

Bi Kamati alivuta kiti chake nyuma, mbali na bakuli.

"Mama," Cheche alisema, "sasa tuambie. Kabichi ilikufanya nini?"

Bi Kamati alizima redio.

"Pale kiwandani walitulisha kabichi kila mchana. Waliitia sufuriani alfajiri, wakaiacha ichemke mpaka iwe rangi ya jivu. Vumbi la magunia kooni, na jivu kwenye sahani. Tulipolalamika, meneja alisema, 'Shukuruni mnapewa mboga.' Yeye alikula chakula kingine, ghorofani, tukisikia harufu. Siku moja wanawake wote tulibeba sahani zetu, tukazipanga kwenye ngazi za ofisi yake. Zimejaa. Alishindwa kutoka."

"Mkashinda?"

"Tulipata mpishi mpya. Lakini mimi niliapa kabichi haitapita kooni mwangu tena. Nikisikia tu harufu yake, namwona yule mtu."

Kapteni aliweka saladi kidogo kwenye kisahani. Akamimina sosi, akanyunyiza ufuta. Akakiweka mbele ya Bi Kamati.

Bi Kamati alikitazama. Akanusa. Akachukua uma. Saladi ilisikika ikilia chini ya meno yake: kacha, kacha. Wote walisubiri kama wanasubiri hukumu.

"Hii ni kabichi?" aliuliza.

"Ile ile, Bi Kamati. Haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la waliowapikia."

Bi Kamati aliweka uma chini. "Kumbe nimeifunga jela miaka yote hii, bila kesi. Na meneja mwenyewe alistaafu kwa sherehe." Akauinua uma tena. "Niongezee."

Kuanzia siku hiyo hawakununua tena sosi ya chupa. Kila asubuhi Mshonaji alitengeneza sosi ya kutosha siku moja tu. Cheche alibeba kabichi kazini kwenye bakuli, na sosi kando kwenye lile gudulia, akachanganya wakati wa kula. Ukiichanganya mapema inalegea na kutoa maji. Mafundi wenzake walimcheka mwanzoni. Kisha wakaanza kuonja. Kisha ikabidi afiche bakuli.

Chumvi nyingine nayo walianza kuichunguza: ya mchuzi wa pakiti, ya vitafunio vya dukani. Cheche alimeza dawa bila kuruka. Jioni alitembea na mkewe mpaka sokoni na kurudi.

Wiki zikapita. Siku ya kliniki ikafika tena. Nesi alifunga mkanda, akaujaza upepo. Akatazama. Akapima mara ya pili.

"Mmefanya nini?"

"Imepanda?" Cheche aliuliza.

"Imeshuka. Imeshuka vizuri. Dawa usiache, nakuonya. Saladi haichukui nafasi ya dawa. Lakini sasa zinasaidiana, badala ya chupa kuiangusha dawa. Nitamwandikia msimamizi wako kwamba unaweza kupanda."

Kesho yake Mshonaji na Bi Kamati walipita karibu na karakana wakitoka sokoni. Juu ya paa kulikuwa na mtu amevaa miwani myeusi. Cheche alikuwa kazini, na cheche zake zilimwagika hewani.

"Mwangalie, Mama," Mshonaji alisema. "Yuko juu."

"Namwona. Tusimwite, asije akageuka."

Walipofika nyumbani, Bi Kamati aliitoa kabatini ile chupa ya zamani. Ilikuwa tupu. Aliiloweka kwenye maji ya moto, akaibandua karatasi yake: jani kubwa, mwanamke anayetabasamu, na zile herufi za sisimizi. Akaisugua ndani na nje mpaka ikang'aa.

"Unaifanyia nini, Mama?"

"Mumeo analalamika gudulia ni zito kubeba. Kesho weka sosi yako humu." Akaisimamisha dirishani, kando ya cherehani, ikauke. "Ilitudanganya vya kutosha. Sasa nayo ifanye kazi."