Antena ya Mama Ndeshi

Kila siku Sia alipotoka shuleni alivua sare, akala chakula chake, kisha akakimbilia dukani kwa shangazi yake Paskalina, kando ya soko la Tengeru. Ulikuwa mwaka 2006, makampuni ya simu yakishindana kusimamisha minara. Paskalina alikuwa na kompyuta moja iliyopata intaneti kupitia simu ya mkononi, na watu walimlipa awatumie barua pepe.

Siku za kawaida mambo yalikwenda. Siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, intaneti ilikufa kabisa. Wateja walianza kuhamia mjini Arusha, na Paskalina akawa anasema atafunga duka. Sia hakutaka hata kulisikia hilo.

Basi akatafuta mchawi, na hakumtafuta mbali. Jirani yao, Mama Ndeshi, alifungua kibanda chake cha simu ya kulipia siku za gulio tu, na juu ya mti mrefu alitundika antena. Antena ya nini, juu kote huko? Mbona kila akija yeye, intaneti inaondoka? Hata ile "Hujambo, mwanangu" yake ilikuwa tamu kupita kiasi. Kikulacho ki nguoni mwako, Sia alijiambia, akawanong'oneza wauza nyanya kwamba Mama Ndeshi anaiba mtandao.

Jumamosi moja Paskalina alimwita Tejas, fundi wa kompyuta kutoka mjini. Fundi akiwa anakagua mashine, Sia alimwona Mama Ndeshi akienda kununua ndizi. Akanyata nyuma ya kibanda, akachomoa waya wa antena, akarudi mbio kutazama kompyuta. Intaneti ilikuwa imekufa vilevile.

Mara Mzee Anaeli akafika kibandani akihema, Mama Ndeshi naye ndiyo kwanza anarudi.

"Mama, nipigie daktari wa mifugo! Ng'ombe wangu anashindwa kuzaa tangu asubuhi."

Mama Ndeshi alibonyeza, akabonyeza tena. "Haina hata mlio, baba. Sielewi."

"Nitawasomesha na nini wajukuu zangu?" mzee alilia, akishika kichwa.

Sia, aliyesikia yote kutoka mlangoni mwa duka, aliona aibu, akakimbilia kibandani. "Nisameheni. Waya nimechomoa mimi," alisema huku machozi yakimtoka, akauchomeka. Simu ilikwama mara kadhaa, lakini mwishowe daktari akapatikana, akasema anakuja.

Paskalina na fundi walitoka nje, Sia akawaeleza kwamba alidhani antena inaiba mtandao. Tejas alitikisa kichwa.

"Kompyuta yenu ni nzima, dada. Mnara una njia chache za mawimbi, na sauti na data zinagawana hizo hizo. Mtu akipiga simu, sauti inapewa kwanza, data inapata zinazobaki. Leo soko zima linapiga simu, hakuna inayobaki."

"Kumbe ni kama mfereji wetu wakati wa kiangazi," Paskalina alisema. "Maji ya kunywa kwanza, migomba ingoje. Hakuna mwizi hapo! Basi siku za gulio nitatuma barua asubuhi na mapema, soko halijajaa."

Mama Ndeshi aliinamisha uso. "Na mimi niseme. Simu zangu zikikwama, nilikuwa naishuku hiyo kompyuta yenu. Hata watu nimewaambia."

Paskalina aliwatazama wote wawili. "Mmechafuana majina bure, na nusura mzee wa watu apoteze ng'ombe. Ukimshuku mtu, muulize kabla hujamhukumu. Sasa nendeni pamoja, soko bado limejaa. Kila mliyemwambia uongo, mkamwambie ukweli."