Mzee Malale Anasikia

Mzee Malale alikuwa na ekari nne za mpunga karibu na Majimoto, katika bonde la Mpimbwe. Wazazi wake walihamia huko na ng'ombe kutoka Usukuma. Kila asubuhi alitangulia kuamka, akaenda kutazama maji kwenye majaruba. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Watu walimsikia kabla ya kumwona.

Asubuhi moja hakusikika. Mke wake, Tereza, alimkuta amekaa kwenye tuta. Mdomo ulikuwa umepinda. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia. Alitaka kusema, lakini neno halikutoka. Yotham, mdogo wake Malale, alimpakia kwenye pikipiki bila kungoja, akamwahisha kituo cha afya. Kutoka hapo gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali ya Mpanda. Daktari alisema ni kiharusi. Presha ilikuwa juu kwa miaka mingi, na sasa sehemu ya ubongo ilikuwa imekosa damu. Alisema wangechelewa, pengine wangempoteza.

Baada ya siku kumi Malale alirudi nyumbani na vidonge vya presha. Aliweza kutembea kwa fimbo. Lakini mdomoni mwake lilikuwa limebaki neno moja tu: "Ndiyo." Aliulizwa kama ana njaa, akasema ndiyo. Aliulizwa kama ameshiba, akasema ndiyo. Mara nyingine alilisema huku akilia.

Yotham aliamini kwamba kaka yake amepotewa na akili. Alitaka kumpeleka kwa mganga wa mbali, na ili fedha za safari hiyo zipatikane, shamba liuzwe. Mnunuzi alipatikana upesi. Yotham akamuuliza kaka yake mbele ya majirani, "Kaka, tuuze shamba?"

"Ndiyo," Malale akajibu.

Basi wakapanga kuandikishana Jumamosi, mbele ya mtendaji wa kijiji.

Alhamisi jioni Esteria, binti wa Malale na Tereza, alifika kwa basi. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, Dar es Salaam. Alisomea tiba ya usemi na lugha, yaani kuwasaidia watu wanaoshindwa kuongea, kuelewa maneno au kumeza vizuri. Nyumbani hawakuielewa kazi hiyo. Baba yake mdogo alizoea kusema kwamba kuongea hakusomewi chuoni.

Tereza alimweleza yote. Esteria hakulala vizuri. Alijua kwamba kiharusi kinaweza kuharibu njia ya maneno na kuacha akili mahali pake. Aliwahi kuwaona wagonjwa wa namna hiyo wodini, akiwa na mwalimu wake. Lakini hapa hakuwa na mwalimu, na mgonjwa alikuwa baba yake.

Ijumaa asubuhi ndugu walikaa sebuleni. Redio ilikuwa inaongea. Esteria alitaka kuwaonyesha kwamba ile "ndiyo" si jibu. Akamuuliza baba yake kwa sauti, "Baba, ng'ombe hutaga mayai?"

"Ndiyo," Malale akasema.

Mtu mmoja akacheka. Malale akainamisha kichwa, machozi yakamtoka.

"Umetusaidia, mwanangu," Yotham akasema taratibu. "Sasa kila mtu ameona. Akili haipo."

Esteria alitoka nje. Alikwenda mpaka nyuma ya mashine ya kukoboa, mahali penye mtandao, akampigia mwalimu wake, Josefina. Alieleza huku akijikaza asilie. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama aliomba ruhusa ya baba yake kabla ya kumpima mbele za watu. Esteria akasema hapana. Hakuwa ameomba.

"Wewe bado ni mwanafunzi," Josefina akasema. "Na hata ukihitimu, mgonjwa si ushahidi wako. Anza kwa kumwomba radhi."

Halafu akamwelekeza. Redio izimwe. Wabaki watu wachache. Aulize jambo moja kwa sentensi fupi, kisha angoje, hata kama kungoja kunachosha. Asitegemee mdomo, maana mdomo unatoa neno ambalo mgonjwa hakulikusudia. Amwache aonyeshe jibu kwa mkono wa kushoto, ulio mzima. Ajaribu kwanza mambo ambayo majibu yake yanajulikana. Mwalimu aliahidi kumpigia mtaalamu wa mazoezi katika hospitali ya Mpanda ili Malale aonwe wiki ijayo.

Esteria alirudi, akapiga magoti, akamwomba baba yake radhi. Malale akamgusa kichwa kwa mkono wa kushoto. Mchana kutwa walikaa wawili. Esteria alikuwa amechora alama ya vema kwenye karatasi moja, na alama ya kosa kwenye nyingine. Malale alimaliza darasa la saba, alama hizo alizijua. Mara za kwanza alikosea. Walipumzika, wakaanza tena. Kufikia jioni mkono wake ulikuwa unajibu sawasawa.

Jumamosi mnunuzi alikuja na karatasi zake. Mtendaji wa kijiji, Bwana Melkiadi, alikaa mezani. Esteria aliomba dakika chache. Yotham alikunja uso, lakini mtendaji akaruhusu.

Esteria alimuuliza baba yake kama yuko tayari. Kidole kikaenda kwenye vema. Akamuuliza kama jina lake ni Yotham. Kidole kikaenda kwenye kosa. Kama mke wake ni Tereza. Vema.

"Baba, shamba liuzwe?"

"Ndiyo," mdomo wa Malale ukasema.

Mnunuzi akasogeza karatasi. Esteria alingoja. Malale alitokwa na jasho. Mkono wake ulinyanyuka, ukatua kwenye kosa. Ukabaki hapo.

Melkiadi akavuta kiti karibu, akauliza mwenyewe kwa kuligeuza swali. "Mzee, shamba libaki?" Kidole kikaenda kwenye vema, kikagonga mara tatu.

Mtendaji akafunga daftari. Alisema mwenye shamba amekataa. Tena mke wake hajaulizwa na mtu, na bila ridhaa yake hakiandikwi chochote. Mnunuzi akaondoka.

Yotham aliinuka. Kisha akachuchumaa mbele ya kaka yake. "Wiki tatu nimekuwa nikikusemea bila kukusikiliza," akasema. "Nisamehe, kaka."

Siku iliyopangwa, Yotham ndiye aliyempeleka Malale hospitali ya Mpanda. Alijifunza mazoezi, akahakikisha vidonge havikatiki. Msimu ulipofika alilima shamba lile kwa maksai wake. Esteria alirudi chuoni. Alimwambia mwalimu wake kwamba akihitimu ataomba kufanya kazi mkoani kwao, Katavi, na Josefina akamtafutia nafasi ya mafunzo ya vitendo ya kuwahudumia wagonjwa wa kiharusi.

Wakati wa mavuno Malale alikuwa na maneno kama ishirini, naye aliyatoa polepole. Mgeni mmoja alimuuliza habari, kisha akamgeukia Yotham apate jibu.

"Muulize yeye," Yotham akasema. "Halafu ungoje."