Siku ya Tatu, Mfungue Bibi

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

Kwa saa nzima rubani alikuwa akijaribu kuikwepa dhoruba ya mchanga, na sasa ndege ndogo ya hospitali ilikuwa imezungukwa na vumbi jekundu pande zote. Akabonyeza, akavuta, akajaribu kuiwasha tena. Redio ilikwaruza tu.

"Mwalimu," alimwambia mkewe aliyekaa kando yake, "kaza mkanda wa bibi, halafu kaza wako. Tunashuka."

"Tunashuka wapi? Chini pana nini?"

"Pana chini. Kila mahali pana chini."

Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu, na hata nyumbani alimwita hivyo. Siku hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege ile. Muuguzi wa kila Jumamosi alikuwa mgonjwa, na alihitajika mtu wa kumshika mkono mgonjwa aliyekuwa akirudishwa kwao: bibi mmoja mwembamba, aliyefanyiwa upasuaji wa macho jana yake baada ya miaka saba ya giza. Macho yote mawili yalikuwa yamefungwa bendeji nyeupe. Daktari alikuwa ameagiza yasifunguliwe mpaka Jumatatu asubuhi.

"Mwanangu, mbona kimya?" bibi aliuliza kutoka nyuma. "Tumefika?"

"Bado, bibi. Tunapumzika kidogo njiani. Inama, kumbatia magoti yako kama unavyomkumbatia mjukuu. Hivyo hivyo."

Ardhi ilitokea ghafla. Magurudumu yaligonga, yakaruka, yakagonga tena. Mbele kulikuwa na mwamba, na mkewe aliuona ukimjia yeye. Rubani akakanyaga kanyagio la kulia kwa nguvu zake zote, ndege ikageuka, na mwamba ukaingia upande wake yeye rubani.

Vumbi lilipotua, bibi alikuwa mzima. Mwalimu alikuwa na jeraha kwenye paji la uso na kiwiko kilichochubuka. Rubani alikuwa amebanwa na usukani kifuani. Ilimchukua mkewe muda mrefu kumtoa na kumlaza kivulini chini ya bawa.

"Mbavu tu," alisema. "Miaka ishirini na miwili jeshini sikuvunja hata tairi. Leo nimembeba mke wangu, nimevunja vyote."

"Nyamaza, usijichekeshe. Utajiumiza."

"Hesabu maji."

Yalikuwa lita mbili. Rubani akaagiza kikombe kidogo kila mmoja, asubuhi, mchana na jioni, bibi akianza. Akamwelekeza mkewe kukata vipande vya tairi lililopasuka na kukinga oili ya injini kwenye kopo. "Usiwashe mpaka usikie mlio wa ndege. Moshi ukipanda hakuna wa kuuona, umepoteza moshi."

Jumapili asubuhi dhoruba ilikuwa imekwisha. Upande wa mashariki vilionekana vilima vya buluu, na mwalimu akasimama akivitazama.

"Vile si mbali. Nikienda sasa, jioni nitakuwa nimepata watu."

"Jangwani hakuna kilicho karibu," alisema rubani kwa sauti iliyokuwa imeanza kukatika. "Mtu mmoja ni nukta. Ndege inaonekana. Usiiache."

"Na wewe unazidi kuwa mweupe midomo, nikae tu nakutazama?"

"Ndiyo. Kaa unitazame. Umelalamika miaka mingi kwamba hunioni."

Mwalimu akakaa. Maneno yale yalikuwa ya kweli. Jeshi lilimchukua mumewe miaka ishirini na miwili, na alipostaafu, wagonjwa wakamchukua kila Jumamosi kwa miaka tisa, bila mshahara. Mwalimu alilisema jambo hilo sebuleni mara nyingi, wakati mwingine mbele ya wageni, na mumewe alikuwa akitabasamu tu huku akitafuta kofia yake.

Mchana jua lilikuwa kama bati lililotoka motoni. Bibi alikaa upande wa kichwa cha rubani akimpepea kwa kipande cha boksi. Hakuona, lakini mkono wake haukukosea hata mara moja.

"Kesho ni siku ya tatu," rubani alisema. "Mfungue bibi asubuhi, jua halijapanda. Unawe mikono kwanza."

"Maji yamebaki vikombe vinne."

"Unawe hivyo hivyo. Uchafu ukiingia, kazi yote ya daktari imekwenda bure."

"Mimi nakuuliza habari zako, wewe unaniambia habari za macho ya watu!"

"Habari zangu unazijua, mwalimu."

Akamshika mkono. Alitazama anga safi juu ya bawa, kama mtu anayekagua hali ya hewa kabla ya safari. Mwalimu akaegemeza kichwa chake kwenye bega la mumewe, akafumba macho, akahesabu pumzi za mwenzake ili asihesabu kitu kingine. Alipopotelewa na hesabu, alidhani ni uchovu.

Ni bibi aliyejua kwanza. Mkono wa kupepea ukasimama.

"Binti yangu," alisema taratibu, "pumzi yake imenyamaza."

Walimfunika kwa turubai la ndege, la rangi ya chungwa, mwalimu akapanga mawe pembeni ili upepo usilichukue. Hakulia kwa sauti. Bibi alipapasa mpaka akampata, akamweka kifuani, wakakaa hivyo jua likizama.

Jumatatu kulipopambazuka, mwalimu alimimina maji kwenye kiganja. Koo lake lilikuwa limekauka kiasi kwamba mate hayakumezeka. Alinawa mikono yote miwili, kidole kwa kidole, kama alivyoagizwa. Kisha akafungua bendeji, tabaka moja baada ya jingine.

Bibi alipepesa macho. Machozi yalimtoka. Alitazama anga, mchanga, vidole vyake mwenyewe, mwisho uso uliokuwa mbele yake.

"Kumbe umelia sana," alisema, akamfuta mwalimu shavu kwa kidole gumba. Akageuka. "Nionyeshe yeye."

Mwalimu akainua ncha ya turubai. Bibi akapiga magoti.

"Ai! Kumbe ni mzee! Sauti yake ilikuwa ya kijana. Aliponipandisha ngazi nilimdhania umri wa kitinda mimba wangu." Akamtazama kwa muda mrefu, nyusi, mvi, kovu dogo kidevuni, bila haraka, kama asiyetaka kusahau kitu. "Haya. Nimekuona, baba. Asante."

Mlio ulisikika jua likiwa juu kidogo ya vilima. Mwalimu alikurupuka, akawasha oili. Moshi ukatoka mzito, mweusi, na mara ile ile upepo ukaulaza chini, ukautambaza mchangani kama nyoka. Ile ndege ilikuwa ndogo kama nzi. Haikubadili njia.

"Haituoni," alisema mwalimu. Mwili wa ndege yao ulikuwa umejaa vumbi, rangi moja na jangwa. Kulikuwa na kitu kimoja tu chenye rangi. Alilitazama turubai lililomfunika mumewe.

Bibi alikuwa ameshaanza kuondoa mawe.

"Shika upande ule."

"Bibi, siwezi. Siwezi kumwacha juani."

"Alinibeba akiwa hai. Angekuwa na nguvu, angelivua mwenyewe. Shika!"

Bibi alivua mtandio wake kichwani, akamfunika rubani uso, akaubana pembe zake kwa mawe madogo. Kisha wakanyanyua turubai. Upepo uliingia kwa kishindo, ukamwangusha mwalimu, ukamburuza kwa viwiko. Hakuachia. Bibi, mwili wote kilo arobaini, aling'ang'ania upande wake huku akipiga kelele kwa anga lote. Turubai lilipandishwa, likashushwa, likapandishwa tena.

Ile ndege ikainamisha bawa, ikageuka.

Baada ya saa mbili helikopta ya jeshi ilitua. Afisa kijana aliruka, akawapa maji kwa vifuniko vya chupa, akiwazuia wasiyafakamie. Alipouona mwili chini ya bawa alivua kofia, akaivaa tena vizuri, akapiga saluti.

"Alinifundisha kurusha ndege, mama. Nawaarifu kambini sasa hivi, watajipanga. Gwaride litamsubiri."

"Huyu bibi kwao ni mbali?"

"Dakika ishirini, upande wa pili kabisa. Atapelekwa kesho."

"Tuanze huko."

"Mama, nina amri. Na mafuta—"

"Nimeishi na rubani miaka thelathini na mmoja. Mafuta ya akiba yapo." Sauti yake ilikuwa ya darasani. "Alikuwa anampeleka mtu nyumbani, na hajafika. Gwaride litasubiri."

Afisa akafungua mlango.

Kijijini, kiwanja cha kutua ndege kilikuwa kimefagiliwa isibaki kokoto hata moja. Walikuwa wamekifagia Jumamosi, wakafagia Jumapili, na leo tena, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Bibi alishuka ngazi peke yake, akikataa kila mkono. Watu walipiga vigelegele, kisha wakaangalia kiti cha mbele, wakaona kijana wasiyemjua.

"Mzee wetu yuko wapi?"

"Yumo ndani," alisema bibi.

Vigelegele vikakatika.

"Dakika kumi tu, mama," afisa alinong'ona. Rafadha juu ya helikopta ilikuwa bado ikizunguka.

Mwalimu alikaa mlangoni, mkono mmoja juu ya mumewe. Watu wakajipanga foleni bila kuambiwa, wakiinama chini ya upepo wa rafadha. Mmoja alionyesha mguu wake: "Ni huu, mama. Wangeukata." Mwingine alimsukuma mbele msichana wa miaka sita: "Alizaliwa angani, kwenye mikono ya muuguzi, mzee akimwimbia." Mwanamume mmoja mwenye mikono ya grisi alisema, "Pampu ya maji ile kule. Alinifundisha kuitengeneza, Jumamosi nne mfululizo."

"Jumamosi nne," alisema mwalimu. "Mwezi gani?"

Akamwambia mwezi. Mwalimu akainamisha kichwa; ndio mwezi aliolalamika mbele ya wageni.

"Sikujua," alisema. "Hakuwa msemaji."

"Hata hapa hakuwa msemaji, mama. Alikuwa anauliza tu spana iko wapi."

Mwalimu alicheka, kicheko kikageuka, na mara hii akalia kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Mwanamume yule hakuondoka. Waliokuwa nyuma yake walisubiri, na nyuma yao wengine walikuwa wakitoka mbio majumbani.

Afisa akatazama saa yake. Akaitazama foleni. Kisha akazima injini.